Kuongeza RAM Kila Mtu Ajua, Kuitoa Je?

Wanangu, leo nina neno na wanaotuuzia seva. Na nina neno nasi wenyewe pia, sisi vijana tunaojiita watu wa teki kuanzia Mishomoroni mpaka Kiembeni.

Neno lenyewe ni hili: mashine inayokubali kuongezewa RAM ikiwa inafanya kazi, halafu ikashindwa kuirudisha ikiwa inafanya kazi, hiyo ni nusu ya huduma. Na ile nusu iliyobaki ndiyo inayotula pesa kila mwezi.

Angalia matangazo yao. Yote yanaimba wimbo mmoja: "Kua pamoja nasi." Sawa, kukua nimeelewa. Na kupungua je? Biashara za huku kwetu hazikui kama mnazi, juu tu, juu tu. Zinakwenda kama maji ya Tudor Creek hapo chini: yanajaa, yanakupwa, na siku za bamvua yanafika mpaka mahali hukutarajia. Mtu anayekuuzia mtumbwi wa maji kujaa peke yake hakijui kijiji chako.

Chukua Ramadhani. Hapa mtaani kuna dada mmoja anauza futari kwa oda: kaimati, sambusa, viazi vya karai, mkate wa sinia, vitu vyote unavyovijua. Mdogo wake akamtengenezea ukurasa wa oda, akauweka kwenye seva ndogo ya kukodi, RAM 2GB. Miezi kumi na moja ile seva inalala usingizi. Ikifika Ramadhani, kuanzia alasiri mpaka magharibi, kila mtu ana simu mkononi na njaa tumboni, na wote wanabonyeza pamoja. Seva inakwama.

Dawa ni nini? Kuongeza RAM. Kampuni yao, sitaitaja, ikawaambia sawa, lakini zimeni kwanza. Yaani zima duka wakati wateja wamejaa mlangoni. Kijana akangoja watu waende tarawehe, akazima, akapanda mpaka 8GB, akawasha. Mwezi ukaenda vizuri. Idi ikapita. Akasema sasa nirudisheni 2GB. Wakamjibu kushuka hakuna. Ukitaka ndogo, fungua mpya, hamisha kila kitu mwenyewe. Mpaka leo wanalipia 8GB.

Hebu piga hesabu nami. Saa tatu kwa siku, mara siku 30, ni saa 90. Mwaka una saa 8,760. Yaani mtu anahitaji RAM kubwa kwa kama asilimia moja ya mwaka, lakini anailipia mwaka mzima. Na kwa vile Ramadhani inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, huwezi hata kuandika kwenye mkataba "Machi tu" ukamaliza. Unahitaji mashine inayopanda na kushuka pamoja nawe, bila kuzimwa.

Sasa kabla hujaniambia "lakini kiufundi haiwezekani", kaa kitako. Inawezekana. Ina ugumu wake, na huo ugumu wenyewe ni mtamu kuuelewa.

Nyumba yako, ardhi ya mwingine

Ile seva unayokodi si kompyuta nzima. Ni mashine pepe: kompyuta ya kujifanya, inayoishi ndani ya kompyuta kubwa ya kweli, pamoja na nyingine nyingi kama yenyewe. Kuna programu inayogawa ile kubwa, wataalamu wanaiita haipavaiza. Yenyewe ndiyo inayosema wewe chukua hiki, na wewe kile.

Mtu wa Mombasa haihitaji kufafanuliwa sana hii kitu. Twaijua tangu zama za mababu. Huku bara ya Kisauni na Likoni kuna watu wangapi wana nyumba ambayo ni yao, kuta zao, bati lao, wapangaji wao, lakini ardhi chini ni ya mtu mwingine wanayemlipa kodi? Hiyo ndiyo mashine pepe. Linux yako ni nyumba, na haipavaiza ni mwenye ardhi.

Teknolojia hii si ngeni wala si ya wazungu peke yao. Xen ilitoka Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 2003. Amazon ilipofungua EC2 mwaka 2006, huduma iliyofanya dunia nzima ikodishe seva kwa saa, kazi kubwa ya kuijenga ilifanyika Cape Town, Afrika Kusini, na timu ya Chris Pinkham. Mwaka 2007 KVM ikaingia ndani ya Linux yenyewe, na leo seva nyingi za bei nafuu unazoziona zinatumia hiyo. Ni programu huria. Hakuna anayeweza kukuambia "hatuna pesa ya leseni".

Kuongeza ni kujenga vyumba uani

Ifikirie nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Mwenye ardhi akikuambia "nimekuongezea futi ishirini kule nyuma", unajenga vyumba viwili watu wakiwa wamelala mle ndani. Hakuna anayetolewa. Asubuhi wanaamka, vyumba vipo.

Kwenye mashine pepe ni vivyo hivyo. Haipavaiza inajifanya imechomeka kijiti kipya cha RAM. Linux inapigwa bega: kuna kitu kipya. Inakihesabu, inakigawa vipande, kisha inaviwasha kimoja kimoja. Kwenye kompyuta za kawaida za biti 64, kipande kimoja mara nyingi ni 128MB. QEMU, programu inayofanya kazi bega kwa bega na KVM, ilipata uwezo huu wa kuchomeka vijiti mwaka 2014. Si jana hiyo.

Kuna sharti moja tu ambalo wengi hawalijui: kiwango cha juu kabisa kinawekwa mashine ikiwa bado imezimwa. Ukiwasha mashine ikiwa na RAM 2GB na mwisho umewekwa 2GB hiyohiyo, hakuna pa kuongeza mpaka uzime. Ni kama msingi wa ghorofa. Ukiumwaga wa ghorofa moja, usije mwaka wa tatu ukataka tano. Kwa hivyo muuzaji anayekuambia "lazima uzime" mara nyingi hasemi teknolojia imeshindwa. Anasema hakukuwekea msingi.

Na hili haliko kwa wadogo tu. Hata EC2 yenyewe, ukitaka kubadilisha ukubwa wa mashine kwa njia ya kawaida, unaisimamisha kwanza. Wakubwa wameamua kuwa kila saizi ni bidhaa yake, kama soda: ndogo, ya kati, kubwa. Hujazi chupa ndogo ikawa kubwa ukiwa unakunywa.

Kutoa ni kumhamisha mpangaji

Sasa tufike penye moto.

Mwenye ardhi anarudi: "Zile futi ishirini nazitaka." Chumba kikiwa kitupu, unafunga na kumpa ufunguo. Kikiwa na mpangaji, unamwomba ahamie chumba cha mbele. Akikubali, mambo yamekwisha. Lakini je, kama ndicho chumba chenye mita ya stima ya nyumba nzima? Kama ndicho kinachobeba nguzo ya paa? Hapo huhamishi mtu. Ukigusa, nyumba yote inaanguka.

RAM imegawanywa kurasa, kila ukurasa ni 4KB. Kile kipande cha 128MB kina kurasa 32,768. Nyingi kati ya hizo ni za programu za kawaida, na Linux inaweza kuzibeba ikaziweka kwingine bila programu kushtuka. Lakini kuna kurasa za kerneli, ule moyo wa Linux wenyewe, ambazo hazihamishiki. Na utamu wa balaa ni huu: ukurasa mmoja tu usiohamishika kati ya hizo 32,768 watosha kukizuia kipande chote. Mmoja! Unaambiwa haiwezekani, kisa mgeni mmoja amekaa mlangoni hataki kuinuka.

Dawa yake ipo. Linux inaweza kuambiwa mapema: RAM hii mpya iweke kwenye eneo la vitu vinavyohamishika pekee, kerneli isilete vitu vyake pale. Ni kama kujenga vile vyumba vya uani ukiwa na mkataba kabisa: hapa ni wapangaji wa mwezi kwa mwezi, hakuna kuweka mita. Siku ya kurudisha, unawahamisha wote. Lakini mkataba huo unauandika siku ya kuongeza, sio siku ya kutoa. Ndiyo maana nasema, mtu asiyefikiria kutoa hajajua kuongeza.

Mtu wa baluni

Sasa kuna njia ya mkato, na hii ndiyo nataka muielewe sana kwa sababu inaweza kukusaidia na inaweza kukuibia.

Mwaka 2002, Carl Waldspurger wa VMware aliandika karatasi iliyoeleza mbinu inayoitwa baluni. Wazo lake ni la kijanja sana. Badala ya mwenye ardhi kuvunja vyumba, anamweka mtu wake ndani ya nyumba yako. Huyu mtu anakodi vyumba kama mpangaji yeyote, lakini halali ndani. Anachukua funguo na kumpelekea mwenye ardhi, na mwenye ardhi anawapa watu wa nyumba ya jirani walale humo. Akitaka kukurudishia, yule mtu wake anaachia vyumba. Baluni inajaa, baluni inatoa pumzi. Hakuna kuzima, hakuna kuvunja, na wala haijali mita iko chumba gani, maana inachukua vyumba vilivyo wazi vyovyote, hapa kimoja, kule kimoja.

Leo KVM inayo, Xen inayo, VMware inayo. Microsoft nao wakaleta ya kwao kwenye Hyper-V mwaka 2011. Kwa mtu mwenye mashine zake mwenyewe, baluni ni rafiki. Usiku seva ya duka imelala, unaikamua, unaipa RAM seva inayotengeneza ripoti. Asubuhi unarudisha. Safi kabisa.

Tatizo linaanza baluni ikiwa mkononi mwa mtu anayekuuzia.

Mnajua matatu ya watu kumi na wanne. Konda anauza viti kumi na wanne, halafu anaita wengine sita, akitumai kuna watakaoshukia Kongowea kabla ya daraja la Nyali. Siku nyingi hesabu yake inatoka. Siku ya mvua, hakuna anayeshuka, na mmebanana mpaka mjini. Muuzaji wa seva anaweza kufanya hivyohivyo: mashine yake ina RAM 64GB, anauza 90GB, akitumai si wote mtaitumia saa moja. Siku ikifika wote mnaihitaji, baluni zinavimba ndani ya mashine zenu kimyakimya.

Dalili zake ni zipi? Unaandika free -h unaona jumla ni ndogo kuliko uliyolipia. Au jumla iko sawa, lakini RAM imeliwa na hakuna programu yako hata moja iliyoila. Kisha Linux inaanza kutumia diski kama RAM, ile tunaiita swapu, na diski ni polepole mno ukilinganisha na RAM, kwa hivyo kila kitu kinatembea kama tuktuk yenye pancha. Ikizidi hapo, kerneli inatoa panga: inachagua programu na kuiua ili mashine ipumue. Kwa kawaida inaangukia ile inayokula RAM nyingi zaidi. Na kwenye seva ya oda za futari, inayokula nyingi ni nani? Hifadhidata. Ile yenye oda zenyewe. Saa kumi na mbili na robo jioni, adhana iko karibu, na hifadhidata imeuawa.

Sisemi baluni ni wizi. Nasema kuuza RAM ile ile mara mbili bila kumwambia mnunuzi, hilo lina jina lake na mnalijua.

Dawa ya kisasa ipo

Mwaka 2020, David Hildenbrand wa Red Hat aliingiza kwenye Linux kitu kinachoitwa virtio-mem. Ilikuja na Linux 5.8 pamoja na QEMU 5.1. Inachukua uzuri wa njia zote mbili. Badala ya kubeba vipande vikubwa vya 128MB kwa pamoja, inafanya kazi na vidogo, hata vya 4MB au 2MB. Rudi kwenye hesabu: kipande cha 2MB kina kurasa 512 tu. Ni rahisi zaidi kupata chumba ambacho wapangaji 512 wote wako tayari kuhama kuliko jumba la 32,768. Ukimkuta mmoja mkaidi, unakiacha kile kidogo na kuendelea na kingine. Haipavaiza inasema "nataka mashine hii iwe 2GB", na Linux inajitahidi kufika hapo, kidogokidogo, watu wakiwa ndani.

Kwa hivyo tusidanganyane. Vifaa vipo, ni vya bure, na vina miaka kadhaa. Kinachokosekana ni muuzaji aliyeamua kuviweka mbele ya mteja wa 2GB.

Niwe mkweli kwa upande wao

Kuna hoja zao ambazo sitazikanyaga.

Ya kwanza: ukirudisha RAM leo, wao wanampa mwingine. Ukija kesho saa kumi kuitaka tena, huenda mashine ile imejaa, na wataweza kukusaidia tu kwa kukuhamishia kwenye mashine nyingine. Ni kweli. Kushuka kuna bei yake: ulichoachia si chako tena. Mimi nasema sawa, niambieni hivyo kwa maandishi, nichague mwenyewe. Mtu mzima anaweza kuambiwa "ukitoka kitini, kiti hakikungoji". Lakini kuninyima kushuka matatu kwa sababu huenda nikataka kupanda tena, hapo hapana.

Ya pili: programu zenyewe zina ukaidi. PostgreSQL, kwa mfano, sehemu yake kuu ya RAM ya pamoja inapangwa inapowashwa. Ukiongeza RAM kwenye mashine, hiyo sehemu haikui mpaka uiwashe upya, na ukipunguza bila kuigusa unajitafutia msiba. MySQL tangu toleo la 5.7 inakuruhusu kubadilisha bafa yake kuu ikiwa inafanya kazi. Kwa hivyo kuna kazi ya muuzaji na kuna kazi yako. Kama programu zako hazijui kupungua, usimlaumu mwenye ardhi peke yake.

Ya tatu: wateja wengi hawaulizi. Na hii, wanangu, ndiyo inaniuma. Tunaulizana tu "ina GB ngapi?" kama tunanunua simu pale mjini. Hakuna anayeuliza hizo GB ni zangu au ni za foleni, na nikimaliza nazirudisha vipi.

Mbona sasa

Kwa sababu RAM si rahisi tena. Mwisho wa 2025 bei zake zilipanda dunia nzima, maana data senta za akili unde zinazinunua kama watu wanavyonunua nyanya siku moja kabla ya Idi. Desemba mwaka huo Micron, moja kati ya kampuni tatu kubwa zinazotengeneza RAM duniani, ilitangaza kuachana na biashara ya Crucial, RAM zile za watu wa kawaida, ili ishughulikie wateja wakubwa. Tafsiri yake hapa mtaani ni nyepesi: RAM iliyokaa bure ndani ya seva ya mtu mwezi wa saba, wakati mwingine anaihitaji, ni chakula kinachotupwa jaani.

Na pia kwa sababu sisi tuko Mombasa. Watu wanasahau. Nyaya za chini ya bahari zilizoleta intaneti ya kasi Kenya, SEACOM na TEAMS, zilitua hapa kwetu mwaka 2009, na nyingine zikafuata. Leo kuna data senta Miritini na Nyali. Nyali hiyo hiyo, ng'ambo ya barabara tu kutoka kwetu. Taarifa za Afrika Mashariki zinapita chini ya miguu yetu zikielekea Nairobi na Kampala, na kijana wa Junda anakodi seva Ulaya au Marekani kwa dola, halafu anaambiwa kushuka hakuna.

Kama kuna mahali ambapo kampuni ndogo ya seva ingeweza kuanza kwa kuwauzia watu RAM ya maji kujaa na maji kupwa, ni hapa. Mteja wake yupo tayari. Muuza futari. Mwenye nyumba za wageni Bamburi, ambaye Disemba simu hazipoi na Mei anapiga miayo. Shule inayofungua matokeo siku moja. Wote hao wana msimu. Pwani nzima inaishi kwa msimu tangu zama za majahazi yaliyokuja na kaskazi na kuondoka na kusi. Sasa iweje seva peke yake ndiyo haina msimu?

Ninachotaka

Kwa wauzaji, nataka mambo matatu. Mseme wazi kama RAM ni yangu peke yangu au ni ya kugawana, na kama kuna baluni ndani. Mniwekee msingi wa juu tangu siku ya kwanza, ili kuongeza kusinifanye nizime. Na kushuka kuwe kitufe kile kile cha kupanda, kwa bei ya saa nilizotumia.

Kwa nyinyi wasomaji wangu, kabla ya kulipa seva, ulizeni maswali mawili tu: "Naweza kupunguza RAM baadaye bila kuhamia seva mpya?" na "RAM hii mnaigawana?" Mtu akianza kukohoa, mmejua.

Na wewe unayesomea kompyuta, usingoje mpaka ufike kazini. Chukua laptopu ya zamani, weka Linux, weka KVM. Tengeneza mashine pepe ya 2GB, iite junda, kwa amri yake isiwe na kitu cha maana ndani. Iwashe. Kisha kwenye laptopu andika virsh setmem junda 1G --live. Ingia ndani ya ile mashine, andika free -h, uone baluni ikifanya kazi mbele ya macho yako. Ikamue zaidi uone ni programu gani inauawa kwanza. Irudishe 2GB. Halafu jaribu kuipa 4GB uone inakukatalia, ujue sasa kwa nini msingi unamwagwa mapema. Hiyo ni jioni moja, na haikugharimu hata bandle kubwa.

Siku utakapoajiriwa na mmoja wa hawa wauzaji, au utakapofungua yako, utakuwa ukijua kuwa kushuka kunawezekana. Na hapo sitakuwa na muda na wewe ukiniambia hakuna. Yule dada wa futari bado analipia 8GB, na mwezi huu ameuza kaimati za Ijumaa tu.